Namna ya kumpokea mgeni wa lugha za Kilatini hapa Bagamoyo bila kumwita asivyojiita

Kijana wa ufukweni akimwona mtu mweupe anashuka garini pale Ngome Kongwe, anampigia "Ciao!" kwa sauti ya juu. Amelichukua kwa wenzake wa Unguja, ambako Waitaliano wamejaa, naye anaamini neno hilo halikosei. Kwa Mwitaliano ni sawa. Lakini aliyeshuka akiwa Mreno au Mromania, atajibu kwa adabu huku macho yake yameshahamia baharini, na mapapasi wetu, vijana wanaowafuata wageni ufukweni, hawaelewi kwa nini biashara imepoa kabla haijaanza.

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutembeza wageni, hasa mnaoniuliza nawezaje kuongea na watu wa lugha nne tano na shule yenyewe niliishia kidato cha nne. Lugha tano sina. Nina Kifaransa cha kutosha, Kiitaliano cha kumtoa mtu Kaole mpaka Misheni tukicheka, na nina masikio. Nyingine nazifuata kwa undugu wao. Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kifaransa, Kiromania, Kikatalani na dada zao wadogo wote wamezaliwa na Kilatini, lugha ya watu wa Latium, eneo lililouzunguka mji wa Roma. Wenye lugha hizo wanaujua ukoo huo, na wengi wanajivunia. Ila kila taifa linausimulia kivyake, na kuna mahali pa kuugusa na mahali pa kunyamaza. Mimi naongozwa na kanuni moja: undugu wa lugha nautumia kujirahisishia kazi, lakini habari ya kwamba mgeni ni nani namwachia mwenyewe aseme.

Kabla hujasalimia, sikiliza

Wakati wageni wanashusha mabegi na kupakana mafuta ya jua, wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo pa kusimama kimya kidogo.

Kiitaliano kinaishilizia maneno yake kwa irabu, karibu yote, kama Kiswahili, na konsonanti zake zinakazwa katikati: notte, latte, otto. Ndiyo maana Mwitaliano akisoma kibao cha Kiswahili anakisoma vizuri kuliko Mwingereza aliyekaa hapa mwaka mzima. Kihispania kina irabu tano safi kama zetu, na r yake inatetemeka. Ukisikia "gracias" yenye th ya "thelathini" katikati, mtu huyo yaelekea ametoka Hispania yenyewe; ukisikia s tupu, fikiria kwanza Meksiko, Kolombia, Ajentina, ingawa watu wa kusini mwa Hispania nao wengi husema hivyo.

Kireno kiko mara mbili. Cha Ureno kinameza irabu na kujaa sauti ya sh, mpaka asiyekijua hudhani ni lugha ya Ulaya mashariki. Cha Brazili kinafunguka na kuimba, na "dia" yao wengi huitamka "jia". Kifaransa hakihitaji maelezo: sauti zinapita puani, na r yao inatoka kooni, haiko mbali na gh yetu ya "ghali".

Kiromania ndicho kinachowatega wengi. Sentensi inaanza kama Kiitaliano, halafu unasikia "da", ambayo kwao ni "ndiyo" na imetoka kwa majirani zao Waslavi. Kijana anasikia "da", anadhani ni Warusi, anawasalimia kwa Kirusi alichookota hotelini. Usifanye hivyo. Kama huna uhakika, sema "Karibuni" tu, kwa Kiswahili, kwa uso mkunjufu. Hakuna mgeni aliyewahi kuchukizwa na "karibu".

Daftari la safu sita

Sasa kazi ya nyumbani. Chukua daftari, chora safu sita. Ya kwanza iandike Kilatini, zinazofuata Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kifaransa, Kiromania. Anza na maneno ya kila siku.

Nane: octo, halafu otto, ocho, oito, huit, opt.
Usiku: noctem, halafu notte, noche, noite, nuit, noapte.
Maziwa: lactem, halafu latte, leche, leite, lait, lapte.

Usikariri. Tazama kwanza. Pale Kilatini kilipokuwa na ct, Mwitaliano ameweka tt, Mhispania ch, Mreno it, Mfaransa it pia ingawa mara nyingi haitamki t, na Mromania pt. Ukishaiona njia hiyo, neno jipya linajifungua lenyewe. Ukijua kwamba Kiitaliano cha "kilichofanyika" ni fatto, unaweza kukisia hecho, feito, fait na fapt kabla hujaambiwa.

Hecho hiyo inakupa na siri ya pili: Mhispania ameangusha f nyingi za mwanzo na kubakiza h isiyosikika. Unga ni farina kwa Mwitaliano, harina kwa Mhispania. Mwana ni figlio, hijo, filho, fils, fiu. Siri ya tatu iko kwenye ufunguo na mvua. Ufunguo: clavem, kisha chiave, llave, chave, clé, cheie. Kunyesha: piovere, llover, chover, pleuvoir, ploua. Mwezi wa nne hapa Bagamoyo hilo la mwisho utalihitaji kila siku.

Kwa siku mbili za kukaa na daftari hivi, jioni, baada ya kazi, unapata zaidi kuliko kwa kitabu cha misemo ambacho kitakufundisha kuuliza njia ya kwenda kituo cha treni. Treni gani hapa?

Lakini ndugu hawa wana mitego, na mitego yenyewe inakaa mezani na kwenye ngazi. Burro kwa Mwitaliano ni siagi. Kwa Mhispania ni punda. Ukimwambia Mhispania kwamba asubuhi kuna mkate na burro, atauliza mara ya pili. Salire kwa Mwitaliano ni kupanda juu. Salir kwa Mhispania ni kutoka nje, kwa hiyo kwenye ngazi usiwachanganye. Na mpishi wako akimletea Mreno pweza wa nazi, kisha mgeni akasema "esquisito", usimpongeze mpishi, maana mgeni amesema chakula ni cha ajabu ajabu. Neno hilohilo kwa Mhispania, "exquisito", ni sifa ya chakula kitamu sana.

Kiswahili chetu nacho kina akiba humo. Meza, mvinyo, kasha na leso tulivipata kwa Wareno: mesa, vinho, caixa, lenço. Mgeni wa Kireno akikaa mezani na ukamwonyesha kwamba meza ni mesa, anafurahi kweli. Mwache afurahi. Asije akaondoka, hata hivyo, akidhani Wareno walikuja pwani hii kuleta samani. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498, na mwaka 1505 wenzake waliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Ngome yao ya Mombasa walikuja kuipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Mimi huyasema yote mawili kwa sauti ileile, la meza na la Kilwa. Wareno wengi wanalipokea vizuri kuliko unavyodhani. Historia yao wanaijua.

Kila taifa na babu alilomchagua

Hapa ndipo nataka mkae sana, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo mazuri yanapopatikana, na hapa ndipo watu wanapojikwaa.

Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa lugha ni ya Roma, basi wote wanajihesabu watoto wa Roma. Chukua Wafaransa. Lugha yao ni ya Kirumi. Jina la nchi yao limetokana na Wafranki, kabila la Kijerumani. Na vizazi vya watoto wao shuleni walifundishwa kwamba mababu zao ni Wagalia, yaani watu walewale ambao Julius Caesar aliwashinda pale Alesia mwaka 52 kabla ya Kristo. Mwaka 1865 Napoleon III alimsimamishia sanamu kubwa Vercingetorix, mkuu wa Wagalia aliyeshindwa, mahali panapoaminika kuwa ndipo Alesia. Kwa hiyo Mfaransa anamsifu aliyeshindwa kwa lugha ya aliyeshinda, na haoni tabu yoyote. Usimwambie Mfaransa "ninyi Warumi". Mwambie lolote jingine.

Waromania wamefuata njia nyingine kabisa. Wao wamezungukwa na Waslavi na Wahungaria, na ule ukoo wa Roma wameushika kwa mikono miwili. Mtawala Trajan aliiteka Dacia mwaka 106, akajengewa mnara wa nguzo mjini Roma, ukakamilika mwaka 113, wenye picha za vita hivyo zikiuzunguka kutoka chini mpaka juu. Jeshi na serikali ya Kirumi viliondoka Dacia katika miaka ya 270, lakini lugha ipo mpaka leo. Kwa karne nyingi Waromania waliiandika kwa herufi za Kisirili, za kanisa lao la Kiorthodoksi, na ni katika karne ya 19, miaka ya 1860, ndipo serikali ilipohamia herufi za Kilatini. Mwaka 1906 Italia iliipa Bucharest sanamu ya mbwa mwitu jike anayenyonyesha Romulus na Remus. Trajan anatajwa kwenye wimbo wao wa taifa. Lakini haohao wamemchonga pia Decebalus, mfalme wa Dacia aliyepigana na Trajan, uso mkubwa mwambani kando ya mto Danube, kazi iliyomalizika mwaka 2004. Aliyeshinda na aliyeshindwa, wote babu zao. Jirani zao wa Moldova wanaongea lugha hiyohiyo. Mwaka 1989 waliirudishia herufi za Kilatini baada ya miaka ya Kisovieti, na mwaka 2023 bunge lao likaandika kwenye sheria kwamba jina lake ni Kiromania. Kwa watu hawa mambo ya Roma si mapambo. Mromania ukimwambia kwa unyenyekevu kwamba unasikia Kilatini kwenye kuhesabu kwake, umeshapata rafiki wa siku nzima.

Sasa sikilizeni jambo ninalolipenda kuliko yote, nalitumia kila ninapopata kundi la mchanganyiko kwenye boti. Huyo Trajan aliyewapelekea Waromania Kilatini alizaliwa Italica, karibu na Seville ya leo, nchini Hispania. Basi ukiwa na Mhispania na Mromania ndani ya ngalawa moja, waulize Trajan ni wa nani. Kaa pembeni. Hutahitaji kusema kitu mpaka mfike.

Waitaliano wana Roma yenyewe, kwa hiyo ungedhani wao ndio wasio na shida. Shida yao ni nyingine: nchi yao iliunganishwa mwaka 1861 tu, na wakati huo waliokuwa wakiongea Kiitaliano sanifu nyumbani walikuwa wachache sana. Waliobaki walikuwa na Kinapoli, Kisisilia, Kivenisi, Kisardinia na kadhalika. Mpaka leo Mwitaliano akikaa na wewe muda, atakwambia mji wake kabla ya taifa lake. Muulize mji, na chakula cha mji huo. Itakuchukua saa nzima.

Halafu kuna kona ya giza, na mwongoza watalii wa Kiafrika asiyeijua atajidhalilisha. Watu wa Mussolini walilivaa jina la Roma kama joho. Walisema wanaifufua dola ya zamani, na kwa madai hayo wakaivamia Ethiopia mwaka 1935. Mwaka 1937 walibeba nguzo kubwa ya mawe ya Aksum wakaenda kuisimamisha Roma. Ilirudi Ethiopia mwaka 2005. Ninayo habari hii kichwani, siitangulizi, lakini mgeni mmojammoja akianza kunisifia ukuu wa damu ya Kirumi, namuuliza kwa upole kama ameshawahi kufika Aksum.

Wahispania, kwa kifupi: Mkatalani ana lugha yake, nayo ni binti wa Kilatini kama Kihispania, si lahaja ya Kihispania. Mtu wa Barcelona akikwambia "bon dia", mjibu "bon dia". Siasa za kujitenga usizianzishe wewe. Na Mbaski, ingawa anatoka Hispania au Ufaransa, lugha yake haina undugu na Kilatini hata kidogo.

Mlatini wa ng'ambo ya bahari

Kundi linaloleta maswali zaidi ni la Amerika ya Kilatini. Jina hilo si la zamani. Lilianza kusikika katikati ya karne ya 19. Mwaka 1856 Mchile Francisco Bilbao na Mkolombia José María Torres Caicedo walilitumia kuzitenga nchi zao na Marekani iliyokuwa ikiwatisha. Miaka michache baadaye Napoleon III naye alilipenda wazo la undugu wa Kilatini, kwa sababu lilimsaidia kupeleka majeshi Meksiko na kumsimika Maximilian kuwa mfalme, habari iliyokwisha kwa Maximilian kupigwa risasi mwaka 1867. Jina moja, watu wa kujilinda na watu wa kuvamia wakiligombea.

Mgeni mweusi wa Brazili au Kolombia akija Bagamoyo, mara nyingi anakuja na jambo moyoni. Brazili ilifuta utumwa mwaka 1888, wa mwisho katika nchi za Amerika. Anaongea lugha iliyotoka Roma, jina lake la ubatizo linatoka Roma, na anatafuta alipotoka bibi wa bibi yake. Hapa wadogo zangu nawaomba sana: msimdanganye. Nimewasikia baadhi yenu mkimwambia Mbrazili, "Babu yako aliondokea hapa hapa." Waliopelekwa Brazili walitoka zaidi Angola na Afrika magharibi, na wengine Msumbiji. Waliofikishwa Bagamoyo na misafara ya bara walivushwa zaidi kwenda Unguja, na kutoka huko Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwambie hivyo. Mwonyeshe alipo mtu wa hapa, mwambie na alikopelekwa. Atalia au hatalia, lakini hutakuwa umemuuzia kilio.

Na usimwambie kamwe kwamba yeye "si Mlatini hasa" kwa sababu ya rangi yake. Wapo wanaojiita Walatini, wapo wanaokataa, na Wabrazili wengi neno lenyewe hawalitumii kwa nafsi zao kama walivyo Wameksiko walioko Marekani. Muulize anapenda kusimuliwa kama nani.

Karibu zaidi tunao Wamsumbiji. Kulikuwa na umoja wa nchi za lugha za Kilatini ulioanzishwa kwa mkataba wa Madrid wa mwaka 1954 na kufungwa mwaka 2012; Msumbiji, Angola, Senegali na Côte d'Ivoire zilikuwamo. Kwa karatasi, basi, jirani yetu wa ng'ambo ya Ruvuma alikuwa Mlatini. Mwulize mwenyewe, atakwambia ni Mmakonde au Mmakua, na Kireno ni cha shule na ofisi. Wazee wa hapa wanakumbuka kwamba FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilikuwa na shule yake hapa Bagamoyo wakati wa vita vya ukombozi, na vijana wakasomeshwa humo kwa Kireno, lugha ya mtawala waliyekuwa wakipigana naye. Mkongo vivyo hivyo: Kifaransa chake kinaweza kuwa kizuri kuliko cha mtalii kutoka Paris, na hilo halimfanyi mjukuu wa Caesar. Sisi watu wa pwani tusijifanye kushangaa. Mabishano ya Mswahili ni nani, mwenye lugha, mwenye mji au mwenye nasaba, tumeyakuta na tutayaacha.

Vituo vyetu, na cha kusema penye kila kimoja

Kaole nenda upesi kwenye habari hii. Pale pana msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Hakuna Ulatini wowote, na usiulazimishe. Eleza Kaole kama Kaole. Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara ya bara, vivyo hivyo.

Misheni ndipo mahali pake. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua kituo hapa mwaka 1868, na kila kitabu kitakwambia walikuwa Wafaransa. Ni kweli. Lakini kiongozi wao, Padri Antoine Horner, alitoka Alsace, ambako watu wa vijijini nyumbani waliongea lahaja ya Kijerumani, na mwaka 1871 Ujerumani ikaichukua Alsace yenyewe. Yaani mzee huyo alisali kwa Kilatini, aliandikia wakubwa wake Kifaransa, alilelewa katika nchi ya lahaja ya Kijerumani, na hapa alihitaji Kiswahili. Mgeni wa Kifaransa akianza kusema "watu wetu walijenga hapa", mweleze hilo la Alsace. Wengi hawajalifikiria, na mazungumzo yanakuwa ya watu wazima. Mtaje pia aliyebeba mawe, maana kuta hazikujengwa na mapadri peke yao. Waliokuwa watumwa waliokombolewa na kuwekwa kijijini hapo ndio waliotoa jasho.

Penye mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874, wageni wa Kilatini hawakai sana. Livingstone ni mtu wa Waskoti. Wataje Chuma na Susi waliomleta, kisha wapeleke kanisani.

Kanisani mimi, ambaye ni Mwislamu, huvua viatu vya ubishi mlangoni na kueleza nilichofundishwa na wazee wa kwaya wa hapa. Wapo wanaokumbuka misa ya Kilatini ya kabla ya mtaguso wa Vatikani wa 1962 hadi 1965, na ukimwanzishia mzee "Dominus vobiscum", anakujibu "et cum spiritu tuo" kabla hujafunga mdomo. Mtalii wa Kiitaliano akilisikia jibu hilo kutoka kwa bibi wa Bagamoyo mwenye kanga, husimama. Hapo ndipo ninapowaambia kwamba mwandishi mkubwa wa kwanza wa Kikristo kwa Kilatini, Tertullian, alikuwa wa Carthage, Tunisia ya leo. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo. Septimius Severus, aliyetawala Roma kuanzia 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya. Kilatini kiliongewa Afrika kaskazini kwa karne nyingi kisha kikafifia, Kiarabu na Kiberber vikabaki. Kwa hiyo mgeni asidhani kwamba Kilatini kiliingia Afrika kwa mara ya kwanza na meli ya Padri Horner.

Tahadhari moja papo hapo: Mromania si Mkatoliki, kwa kawaida ni Mwothodoksi. Ukimwona anafanya ishara ya msalaba kutoka bega la kulia kwenda kushoto, usimwambie amekosea.

Maneno ya kuweka mdomoni, na yale ya siku

Salamu za mchana: buongiorno, buenos días, bom dia, bonjour, bună ziua. Za Mhispania na Mreno ni za asubuhi. Baada ya chakula cha mchana sema buenas tardes na boa tarde. Kushukuru: grazie, gracias, merci, mulțumesc. Mulțumesc ikikushinda, sema "mersi". Waromania wenyewe wanaitumia. Kwa Mreno, mwanamume anasema obrigado, mwanamke obrigada, kwa kufuata jinsia ya anayeshukuru na si ya anayeshukuriwa. Mimi nasema obrigada hata kwa mwanamume mwenye ndevu.

Mreno usimwongeleshe Kihispania kwa kudhani ni kitu kimoja. Atakuelewa, tena vizuri kuliko Mhispania anavyomwelewa yeye, ila utakuwa umemwita kwa jina la jirani aliye mkubwa kuliko yeye. Kama huna Kireno, tumia Kiingereza au Kiswahili cha polepole.

La mwisho ni la miadi, na limewahi kuwaacha watu wakisubiri ngalawa isiyokuja. Mwitaliano, Mhispania, Mfaransa na Mromania wana lunedì, lunes, lundi, luni kwa Jumatatu, zote za mwezi wa angani. Mreno na Mbrazili hawana. Wao wanahesabu kama sisi, lakini wanaanzia Jumapili: segunda-feira, "ya pili", ni Jumatatu yetu, terça-feira, "ya tatu", ni Jumanne. Mwongoza watalii aliyesikia "tatu" akaenda ufukweni Jumatatu, amekwenda mapema kwa siku moja. Ongeza na saa zetu za Kiswahili, ambazo mgeni akiambiwa saa mbili anakuja akiwa ameshakosa maji kujaa, na utaona kwa nini mimi siamini mdomo kwenye jambo hili. Andika tarehe kwa namba, andika saa kwa hesabu yao, mpe karatasi mkononi, na nyuma yake weka namba ya dereva wa bajaji.